Mkeka, Hoteli na Kiwanja

Gidi alinipigia wiki iliyopita, mchana, nikiwa kazini, kuniambia wanafunga meza. Hakuhitaji kueleza meza gani. "Rehema anaondoka kwenda kusoma, mimi hawa mapacha hawaniachii hata Jumapili moja, na Upendo anasema hadithi imefika mwisho wake," alisema. "Njoo basi uage. Hata kama ni kukaa tu." Nikauliza nani atasimulia siku hiyo. Nikasikia kile kicheko chake cha puani. "Wewe Nakunda, jamani! Ni Upendo, nani mwingine?" Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Jumapili sina ratiba yoyote. Nilipokata simu nilikuta nimeibana kalamu mpaka kidole kinauma, nikajiuliza, kama ninavyojiuliza kila kitu: inawezekanaje mtu wa miaka thelathini, mwenye kazi na nyumba ya kupanga, aone wivu kwa sababu ya nchi isiyokuwepo? Jibu nadhani liko katika mwaka ule nilioishi kwa shangazi, Same, baada ya kumaliza chuo.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtu mmoja ni msimulizi: anabuni nchi, watu wake na hatari zake. Wengine kila mmoja anavaa mhusika mmoja, mwindaji, mganga, mwizi, na anasema mhusika wake anafanya nini. Pale jambo linapoweza kufaulu au kushindikana, dadu inaamua. Hakuna goli wala kombe, na hadithi moja inaweza kuchukua miaka. Mimi ndiye niliyeuleta hosteli ya chuo, mwaka wa pili, baada ya kuusoma mtandaoni na kuona kwamba hauhitaji chochote zaidi ya karatasi, dadu na watu wasioona haya. Nchi yangu niliiita Mbuga ya Upepo. Yeyote aliyewahi kusimama Same saa nane mchana anajua niliitoa wapi: tambarare kavu, vumbi linalotembea kama mtu mwenye haraka, na juu yake milima ya kijani inayoonekana kuwa na kila kitu ambacho wewe wa chini huna. Tulikaa kwenye sakafu ya chumba changu, Gidi, Rehema na mimi, tukila mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, na mafuta yakatoboa ramani zangu. Nilikuwa mwanafunzi wa wastani, binti asiyeshikwa mkono na mtu yeyote kwenye sherehe. Lakini nilipofungua mdomo kusema, "Mnafika mlangoni, mlango uko wazi, ndani hakuna sauti," watu wawili wenye akili timamu walinyamaza na kunitazama.

Gidi ni mtoto wa Gonja, mlimani, na kutoka kwao alituletea sheria. Kule wana ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mto usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope au mfereji ukiziba, watu wote wanaitwa msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyetokea bila sababu ya maana hapewi zamu ya maji mpaka msaragambo mwingine. Siku niliyolalamika kwamba nachora ramani peke yangu huku wao wakija kula mihogo tu, Gidi akasema basi tuwe na msaragambo wetu: Jumamosi wote tuchore, tukate kete za karatasi, tuandike. Asiyekuja, Jumapili anakaa pembeni anatazama. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Rehema, ambaye kwao ni Tabora, aliguna. "Nyie Wapare, hata mchezo mnaugeuza kilimo." Aliwahi kukosa Jumamosi moja kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na kesho yake tukamkalisha kitandani, akatazama mwindaji wake akisimama bila kufanya lolote. Aliomba mara mbili arudishiwe zamu. Gidi alikuwa ameanza kulainika. Mimi ndiye niliyesema sheria ni sheria.

Kisha chuo kikaisha. Gidi alipata kazi ofisini Dodoma, Rehema akaajiriwa hospitali moja Mwanza, na mimi nikarudi Same na bahasha ya vyeti. Shangazi alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, na nyuma ya jiko kulikuwa na chumba alichoweka magunia ya mahindi na maharage. Akayasogeza upande mmoja, akaweka kitanda upande wa pili, akasema, "Humu hulipi kitu, ila usilalie maharage." Chumba kilinuka makande yanayochemka tangu alfajiri, na dirisha lake lilitazama mahali malori yanapoegeshwa. Hapo dirishani ndipo mtandao uliposhika. Hatua moja kulia, unapotea. Kwa hiyo mwaka mzima niliishi nimekaa kwenye gunia, kompyuta magotini, bega limeegemea nondo za dirisha, na maneno ya madereva yakiingia moja kwa moja sikioni kama vile wanazungumza na mimi. Asubuhi niliwasaidia wasichana wa shangazi kuhudumia. Mchana niliandika maombi ya kazi. Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa msimulizi wa Mbuga ya Upepo, na hicho ndicho cheo pekee nilichokuwa nacho duniani.

Mwanzoni tulicheza kwa simu tu, sauti bila picha, na kila mtu akirusha dadu yake mwenyewe. Gidi alianza kupata bahati isiyo ya kawaida. "Tena sita?" Rehema alimwuliza. "Hiyo dadu yako ina namba nyingine kweli?" Ilikuwa wazi tunahitaji meza ya mtandaoni, mahali ambapo wote wanaona ramani moja, kete zile zile, na dadu inayorushwa mbele ya kila mtu. Kazi ya kutafuta nikapewa mimi, kwa kuwa sina ajira na ninapenda kuhoji. Nikaifanya kwa bidii ambayo hakuna mwajiri aliyewahi kuniona nayo. Nilijaribu majukwaa kadhaa, nikabakiza matatu, na majina yao ya kweli yalikuwa magumu mdomoni hivyo nikayapa mengine. Nilikuwa dirishani siku hiyo, na dereva wa lori la jasi la Makanya alikuwa akibishana na utingo wake wapi walale. Utingo anataka hoteli. "Hoteli una kila kitu, ila hakuna chako," dereva alisema. "Mimi nina kiwanja changu Kileo, nikistaafu najenga nitakavyo. Kwa sasa mkeka chini ya gari unanitosha." Nikacheka peke yangu. Hapo hapo nikaandika kwenye grupu letu: Hoteli, Kiwanja na Mkeka.

Hoteli ilikuwa jukwaa kubwa ambalo unaingia kupitia kivinjari na kukuta kila kitu: ramani za kuazima, fomu za wahusika, dadu za rangi, hata muziki. Lakini chumba cha bure kilikuwa finyu, picha chache tu kimejaa, na kufunguka kwake kulikula bando kama ng'ombe aliyefika majini. Kwenye simu ya Rehema kiligeuka doa jeupe. Kiwanja kilikuwa programu ya kununua mara moja na kuiweka kwenye kompyuta yako. Wengine wanaingia kama wageni kupitia kwako. Ni chako, unajenga utakavyo, kuta, taa, milango inayolia, na cha ajabu zaidi, kila mchezaji anaona kile tu ambacho macho ya mhusika wake yangeona. Ukisimama nyuma ya ukuta, upande wa pili ni giza. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya mwenyeji ikizimika, nchi nzima inazimika. Mkeka ulikuwa ubao mtupu. Ramani, kete, dadu, basi. Ulifunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo, hata mtandao ukiwa wa kubahatisha. Hauna taa wala giza. Giza lazima msimulizi aliseme kwa mdomo. Nikaandika pendekezo langu kwa maneno makavu, kama mtafiti: tunahitaji Mkeka. Na mpaka leo, nikiulizwa na watu wenye hali kama yetu, ndilo jibu ninalowapa. Swali ambalo sikujiuliza wakati ule, mimi mwenye kuuliza kila kitu, ni kwa nini nilifurahi sana kwamba jukwaa lililo bora ndilo lile lililohitaji mdomo wangu zaidi.

Gidi alijibu pendekezo langu kwa kumleta mtu. Alikuwa mwenzake wa ofisini, meza ya pili kutoka yake, na kumbe alikuwa amekinunua Kiwanja zamani na kujifunza peke yake bila kuwa na wa kucheza naye. "Mambo, dada Nakunda," Upendo alisema siku ya kwanza aliyoingia kwenye simu yetu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayekaribia kucheka. "Gidi amenisimulia habari zako mpaka nikaogopa kuja." Nikamjibu poa. Nilijua tayari kwamba simpendi, na kwa kuwa sipendi kuamini jambo bila ushahidi, nikaanza kuukusanya. Anamwita Gidi "G". Amesema wanakula pamoja mchana. Anajua kwamba Gidi hali nyanya mbichi, jambo ambalo nilidhani nalijua mimi peke yangu. Si kwamba nilimtaka Gidi kwa namna hiyo. Nilijihoji sana kuhusu hilo na jibu lilikuwa hapana kila mara. Nilitaka kitu kigumu zaidi kukieleza. Nilitaka niwe mtu ambaye Gidi akiona jambo zuri anamwambia kwanza.

Jumapili iliyofuata Upendo akatuomba tuingie kwenye Kiwanja chake, kujaribu tu. Gidi alikuwa amempa picha za ramani zangu za zamani, zile zenye mafuta ya mihogo, bila kuniuliza. Nikabofya kiungo, nikasubiri, gunia likinichoma mapajani. Kisha Lango la Upepo likatokea, lile pengo kati ya milima miwili ambalo nilikuwa nimelisimulia mara nyingi. Mawe yake yalikuwa na vivuli. Vumbi lilikuwa linatembea. Rehema aliposogeza kete ya mwindaji wake, mwanga wa taa yake ukasogea naye na kufunua ngazi, halafu mlango, halafu ule mti uliokauka ambao mimi niliuchora kwa kalamu ya wino na kuuita mzee. Halafu Gidi akasema, taratibu, "Nakunda, umeona?" Umeona! Mahali pale palikuwa kichwani mwangu tangu nikiwa mtoto nikitazama mlima kutoka uwanja wa shule. Niliwapeleka pale kwa maneno yangu miaka miwili. Na sasa rafiki yangu ananiuliza mimi kama nimepaona, kwa sababu yeye ndiyo kwanza anapaona leo. Upendo akasema, "Ni ya dada Nakunda yote. Mimi nimepaka rangi tu." Alimaanisha. Ndiyo maana ilizidi kuuma.

Nilipigana kwa hoja. Bando. Simu ya Rehema. Mwenyeji mmoja kushika ufunguo wa nchi nzima. "Na umeme ukikatika Dodoma?" niliuliza. "Ukikatika tunaagiza chai," Gidi akasema. Ukakatika kweli, jaribio la pili, Upendo akiwa katikati ya sentensi, na skrini zetu zote zikabaki na duara linalozunguka. Moyo wangu ulipiga kama wa mtu aliyeshinda kesi. Lakini hawakukata simu. Rehema akaanza kumwigiza muuguzi mkuu wao anavyokagua sare, Gidi akahamia kwenye simu akacheka mpaka akakohoa, na Upendo, gizani kule Dodoma, akasema anawasha mshumaa na kumwomba Rehema arudie pale kwenye soksi. Walikuwa na raha. Umeme uliporudi nikasema, "Mmeona sasa?" na Rehema akauliza, "Tumeona nini?" Shangazi aliyekuwa amekuja kuchota maharage alisimama na bakuli lake akinitazama. "Leo amekufa nani?" akauliza. Alikuwa amezoea kunisikia nikiua watu kila Jumapili. Nikamwambia hajafa mtu. "Basi mbona uso umekaa matanga?"

Wakapiga kura kwenye grupu. Watatu Kiwanja, mmoja Mkeka. Gidi akaandika kwamba Jumamosi ni msaragambo wa kuhamisha nchi nzima: kila mtu achore sehemu yake, aweke kuta, aandike watu wake, na Upendo atatufundisha. Mimi ndiye niliyetakiwa kuleta vitu muhimu zaidi, yaani yaliyo nyuma ya milango. Nikafikiria. Bila mimi wangekuwa na kuta tupu. Ukiwa na nchi ambayo hakuna anayejua ndani yake kuna nini, unaweza kucheza nini? Niliona wazi kabisa: nisipokuja, watakwama, watanitafuta, na tutarudi kwenye Mkeka kwa heshima zote. Nikamwambia shangazi kwamba Jumamosi nitapanda mimi kumfuatia tangawizi yake Mbaga, kwa yule mama anayemwuzia kila msimu. Akashangaa. "Wewe? Mlimani?" Nilichagua Mbaga kwa sababu simu yangu isingeshika huko, na nilitaka iwe sababu wala si uamuzi.

Gari liliniacha chini ya njia inayopanda kwa yule mama, baridi ikinichoma masikio, ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Nilipokata kona nikakuta watu wengi, wanawake kwa wanaume, suruali na khanga zimekunjwa hadi magotini, wamejaa ndani ya ndiva tupu wakitoa tope kwa majembe na karai. Mwanamke mmoja kijana mwenye kofia ya chama cha watumiaji maji alinisalimu kwa Chasu, Kipare chetu. Nikamjibu kwa Chasu changu cha barabarani, na wote waliokuwa karibu wakacheka. "Wewe wa huko chini kwenye vumbi," akasema kwa Kiswahili. "Unakwenda wapi na viatu visafi?" Nikasema napita tu. "Anapita tu!" akawatangazia wenzake. "Jamani, kuna mgeni anapita tu!" "Mpe karai apite nalo," mzee mmoja akajibu kutoka kwenye tope, bila kuinua kichwa. Ningeweza kukataa, mimi si mtu wa ndiva ile na sina hata mche mmoja wa maharage mlimani. Lakini ni vigumu kupita mbele ya watu waliochafuka hivyo. Nikavua viatu. Nilibeba tope asubuhi nzima, kwa ajili ya maji ambayo nisingeyatumia kamwe, wakinitania kuhusu ninavyotembea na karai kama nimebeba yai. Walipopumzika wakanipa kikombe cha chai ya tangawizi kali kama pilipili. Yule wa kofia akanisogelea na daftari. "Jina nani, tukuandike?" Nikamwambia hakuna haja. "Umefanya kazi, unaandikwa," akasema. "Ukija kuolewa huku, una zamu yako." Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimechoka vizuri. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, nikatazama simu, haikuwa na mtandao, kama nilivyopanga. Huko Dodoma na Mwanza watatu walikuwa wanajenga bila mimi, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba labda hawajakwama.

Jumapili nilirudi kutoka ibadani, nikakaa kwenye gunia, nikafungua Kiwanja. Ukurasa wa kuingilia ukanionyesha jina langu na chini yake neno moja: mtazamaji. Nilibofya kiti cha msimulizi, hakikubofyeka. Kipaza sauti changu kilikuwa kimefungwa. Mtazamaji kwenye Kiwanja anaweza kuandika tu. Nikaandika: Hii ni hitilafu? "Si hitilafu," Gidi akajibu kwa sauti, na nikajua alikuwa amejiandaa kulisema. "Hukuja msaragambo, Nakunda. Hukuaga hata." Nikaandika kwamba nilikuwa mlimani. "Kufanya?" Nikatazama kucha zangu, bado zilikuwa na tope la Mbaga. Rehema akasema, bila ukali wowote, "Mimi nilikuwa harusini na mkanikalisha kitandani." Upendo akaingilia haraka. "Jamani, mimi naona tumwachie tu dada. Ni nchi yake." Gidi akasema hapana. "Leo moja tu. Wiki ijayo kiti chake kipo." Hivyo Upendo akasimulia, na mimi nikatazama.

Alianza vibaya, akajikwaa, akaomba radhi kupita kiasi. Nikafurahi. Kisha wakafika kwenye lango la maji, ambako nilikuwa nimeweka mlinzi mzee, na Gidi akamwuliza mzee jina lake. Upendo akasita. "Dada Nakunda," akasema, "huyu mzee wa langoni anaitwa nani?" Nilikuwa ninalijua. Nilikuwa nimempa jina tangu hosteli na sikuwahi kumwambia mtu, nikilitunza kwa siku yake. Kishale kikawaka na kuzimika kwenye kisanduku cha kuandikia. Kete zao zikasimama mbele ya lango, Dodoma wakisubiri, Mwanza wakisubiri, na utamu wa kusubiriwa ulinipanda kichwani kama pombe ya mtu asiyekunywa. Ngoja kidogo, nilijiambia. Kidogo tu. Nje utingo mmoja alikuwa akiita supu. "Labda hayupo," Rehema akasema. "Mpe lolote." Upendo akavuta pumzi. Halafu, kwa sauti ya mzee mwenye uchovu wa kuulizwa maswali, akasema, "Jina? Jina tutaona." Gidi akauliza kama wanaweza kupita. "Tutaona." Maji yatafunguliwa lini? "Tutaona." Rehema alicheka hadi akapiga meza. Wakamwita Mzee Tutaona, na hivyo ndivyo anavyoitwa mpaka leo. Nikafuta herufi mbili nilizokuwa nimeandika. Jina lao lilikuwa bora kuliko langu. Nimelipima mara nyingi tangu siku ile, kwa uadilifu wote nilio nao, na kila mara linashinda.

Wiki ile sikuandika ombi lolote la kazi. Nilisugua masufuria ya shangazi mpaka akaniuliza kama kuna mgeni anakuja. Gidi alipiga Jumatano. Hakuomba msamaha, na nadhani ningemdharau kama angeomba. "Jumamosi unakuja?" aliuliza. Nikauliza kama wanataka nije. "Nakuuliza wewe." Nikamwuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: kama mimi na Upendo wote tuko pale, kiti ni cha nani? "Cha kwako," akasema. "Lakini Rehema ameniuliza kama Upendo anaweza kumaliza ile ya lango kwanza. Na mimi pia nataka kujua itaishaje." Hakujua alichonipa. Kwa miaka yote niliyosimulia, Gidi hakuwahi kusema mbele yangu kwamba anataka kujua itaishaje. Labda alisema kwa wengine. Labda aliona kwamba msimulizi hahitaji kuambiwa.

Jumamosi nilikwenda. Upendo alinionyesha jinsi ya kujenga ukuta, ubofye mwanzo, ubofye mwisho, na alikuwa mwalimu mzuri, mwenye subira, na kila alipokuwa mzuri nilimchukia upya kidogo. Nikajenga nusu ya mji ulio nyuma ya lango kwa mikono yangu, mtaa kwa mtaa. Mwishoni akaniuliza, "Kesho unashika kiti, au?" Wote walikuwa kwenye simu. Ningesema ndiyo na ningekipata. Ningekaa pale nikijua kwamba watu wawili wanajizuia kuuliza Upendo angefanyaje. "Nitengenezee mhusika," nikasema. Gidi akasema, "Eeh?" Nikarudia. Rehema akapiga kigelegele kidogo, cha utani, na nikasikia kiti cha Upendo kikisogea.

Kwa hiyo Jumapili nikaingia kama mpiga ramli asiye na mali, kete moja ndogo ya kijani, ndani ya nchi yangu mwenyewe. Kulikuwa na giza. Nilikuwa nimeisimulia Mbuga ya Upepo kutoka juu siku zote, nikiiona yote, kama unavyoiona tambarare ukiwa mlimani. Sasa niliona duara dogo la mwanga miguuni mwangu na ukuta. Ukuta niliufahamu, niliujenga jana yake. Nyuma yake niliweka kisima. Nikasogeza kete, hatua, hatua, mwanga ukikunja kona pamoja nami, nikiwa tayari kwa ushindi mdogo wa kujua. Hapakuwa na kisima. Mahali pake palikuwa na mlango mdogo usiofika kiunoni mwa mtu, umefungwa kwa kamba mpya, na kamba ilikuwa inatikisika. Upendo alikuwa amekibadilisha baada ya mimi kulala. Hasira ikanipanda, halisi, ya kutaka kufunga kompyuta na kuitupa kwenye maharage. Alikuwa na haki gani? Na chini ya hasira, kwa wivu wote niliokuwa nao, kulikuwa na jambo nililolitaka kuliko kiti, na sikuwa na njia ya kulipata isipokuwa kumwuliza yeye.

"Nyuma ya mlango kuna nini?" nikauliza.

Nilimsikia Upendo akitabasamu.

"Sogea," akasema, "uone."